Mwongozo Kamili: Kuandaa Dodoso la Kiswahili Kuhusu Kazi za Ndani, Hatua kwa Hatua

Kila msimu wa tasnifu naletewa mafaili yanayofanana. Mwanafunzi ametafiti hali ya wafanyakazi wa majumbani, amezunguka mitaa kwa wiki tatu, nauli imemwishia, na sasa anataka nimsaidie kuchambua. Nafungua jedwali, nafika kwenye swali la unyanyasaji: hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Nafika kwenye saa za kazi: mtu anaonekana amefanya kazi saa 6 kwa siku, na mwingine ana saa za kazi zilizo chini ya sifuri.

Data ya namna hiyo haiponi mezani. Ilishaharibika siku dodoso lilipofikiriwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa mlangoni kwa mtu, mhojiwa akiwa amesimama na ndoo. Mwongozo huu umelenga kosa hilo. Nimetumia mfano wa dada wa kazi kwa sababu ndio ninaoufahamu zaidi, ila hatua hizi zinamfaa pia anayetafiti mama ntilie, vibarua wa mashambani au walinzi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kibali cha maadili na barua za utambulisho (angalia hatua ya 1).
- Daftari dogo la maneno, la kuandika kwa mkono. Usiliache nyumbani.
- Nakala ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kama unafanyia Tanzania Bara, pamoja na amri ya kima cha chini cha mshahara inayotumika sasa. Zanzibar na Kenya zina sheria zao, tumia za huko.
- Watu wawili wa kutafsiri, wasioshauriana.
- Simu au tableti yenye KoboToolbox au ODK, programu za kujazia dodoso. Zote zinakusanya data bila intaneti na kuituma baadaye. Beba na pawabenki.
- Punje 10 za maharage kwenye kifuko. Nitaeleza kazi yake.
- Orodha ya mahali pa msaada ndani ya wilaya husika: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ofisi ya ustawi wa jamii, ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (inayosikiliza migogoro ya kazi), kituo cha afya, chama cha wafanyakazi. CHODAWU kwa Tanzania na KUDHEIHA kwa Kenya vinapokea wafanyakazi wa majumbani.
- Pesa ya nauli ya wahojiwa, iliyotengwa na isiyoguswa.

## Hatua ya 1: Vibali

Anza mapema, maana hapa ndipo muda unapopotea.

Tanzania Bara, utafiti unaogusa afya unapitia kamati ya maadili ya chuo au NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Ukishapata kibali, barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha kwa mtendaji wa kata na hatimaye kwa mwenyekiti wa mtaa. Usiruke ngazi. Mwenyekiti wa mtaa ambaye hakuona barua anaweza kukusimamisha siku ya kwanza, naye atakuwa sahihi. Kenya utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, hata kama wewe ni mwanafunzi.

Onyo: kama unamtafiti mtu aliye chini ya miaka 18, lieleze jambo hilo wazi kwenye maombi. Sheria ya Ajira inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kwa hiyo utakutana na watoto hata kama hukuwapanga. Mwenye nyumba si mzazi wa huyo binti, na ridhaa yake haisimami mahali pa ridhaa ya mzazi. Iulize kamati kabla hujaenda uwandani, usisubiri uwe umeshamhoji.

## Hatua ya 2: Andika unachotaka kujua, usiandike swali bado

Chukua karatasi, gawanya safu mbili. Kushoto andika jambo unalolipima. Kulia andika utalilinganisha na nini.

Mfano: kushoto, "saa za kazi kwa wiki". Kulia, "sheria: si zaidi ya saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki, kabla ya saa za ziada". Kushoto, "likizo ya mwaka". Kulia, "siku 28 mfululizo". Kushoto, "likizo ya uzazi". Kulia, "siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja". Kushoto, "aliyeachishwa kazi alikwenda wapi". Kulia, "siku 30 za kupeleka lalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi".

Sababu ni hii: usipojua kipimo, utauliza "Je, unafanya kazi kwa muda mrefu?" na jibu halitalingana na chochote kwenye sheria.

Utajua umefaulu pale kila mstari wa kushoto utakapokuwa na mwenzake kulia. Mstari uliokosa mwenzake ufute. Dodoso la maswali 35 yenye kazi ni bora kuliko la maswali 90 yanayomchosha mtu mwenye nguo za kufua.

## Hatua ya 3: Kasikilize maneno

Kabla ya kuandika swali lolote, kaa siku tatu au nne na watu unaotaka kuwatafiti. Usihoji. Sikiliza wanavyoyataja mambo yao, uandike kwenye daftari.

Utagundua haraka kwamba "mfanyakazi wa majumbani" ni neno la ofisini. Wao watasema dada, dada wa kazi, wa ndani, binti wa fulani. "Beki tatu" utalisikia mtaani, lakini kwa wengi ni tusi, usiliweke kwenye dodoso. Na wapo wasiojiita chochote, kwa sababu aliyewachukua kijijini ni shangazi au ndugu wa mbali: "mimi nakaa kwa mama mdogo." Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, anafua, anapika, na ukimuuliza "Umeajiriwa?" atakwambia hapana. Huyo akikosekana kwenye utafiti wako, umewakosa walio na hali ngumu kuliko wote.

"Mwajiri" nalo halitamkwi. Ni mama, baba, bosi, au "mama Junior".

Utajua umefaulu pale utakapoweza kuandika ukurasa mzima kuhusu siku moja ya dada wa kazi kwa maneno yao tu.

## Hatua ya 4: Andika maswali kwa Kiswahili moja kwa moja

Hapa usikimbie, maana makosa makubwa yote yanazaliwa hapa.

Uliza tendo, usiulize jina la tendo. "Je, umewahi kunyanyaswa kijinsia?" Neno hilo limejaa mahakama na aibu. Mtu analipima kwa jambo baya kuliko yote aliyowahi kulisikia redioni, anaona lake halifiki huko, anajibu hapana. Andika hivi: "Tangu uanze kazi nyumba hii, kuna mtu wa nyumba hii aliyekushika mwili wako bila wewe kutaka?" "Kuna aliyekupiga kwa mkono au kwa kitu?" "Kuna siku ulinyimwa chakula kwa sababu umekosea?" Kila tendo swali lake.

Kiswahili hakitaji mwanamume wala mwanamke kwenye kitenzi. "Alinishika" haikwambii ni baba, ni mama au ni kijana wa nyumba. Baada ya kila jibu la ndiyo, weka swali la kufuata: "Ni nani?" pamoja na orodha ya kuchagua. Nimeona tasnifu nzima iliyoshindwa kusema nani alifanya nini kwa kukosa swali hilo moja.

Usiulize kwa kukanusha. "Hujawahi kucheleweshewa mshahara?" Mmoja atajibu "ndiyo", maana yake ndiyo, sijawahi. Mwingine atajibu "ndiyo", maana yake nimecheleweshewa. Zote zitaingia kwenye jedwali kama kitu kimoja, na hutaweza kuzitenganisha tena.

Swali moja, jambo moja. "Unapata mapumziko na matibabu?" Anapata matibabu, mapumziko hana. Ajibu nini?

Mshahara una maswali manne. Mliahidiana shilingi ngapi? Mwezi uliopita zilitolewa shilingi ngapi? Zilikwenda mkononi mwa nani? Kuna kilichokatwa? Mabinti wengi mshahara wao unatumwa kwa simu kwa mama kijijini, au "bosi ananitunzia". Ukiuliza "unalipwa kiasi gani" utapata ile ahadi tu. Ukifika kwenye kulinganisha na kima cha chini, soma amri kwa makini, kwa sababu inawagawa wafanyakazi wa majumbani katika makundi, na asiyelala kwa mwajiri ana kundi lake.

Mkataba usiuite karatasi. Uliza "Siku ya kwanza mlikubaliana nini, na nani alikuwepo?" ndipo uulize kama iliandikwa popote.

Vipimo vya "nakubali sana, nakubali kiasi". Kwa aliyezoea kufanya mtihani shuleni vinaeleweka. Kwa wengi, adabu inajibu kabla ya mtu: "nakubali, mwanangu." Hapa ndipo maharage yanaingia. Mpe punje 10: "Hizi ni siku 10 zilizopita. Weka pembeni siku ulizolala umechoka kiasi cha kushindwa kula." Anahesabu, anafikiri, anarudisha moja mkononi. Unapata namba halisi, na mara nyingi unapata na maelezo ambayo hukuyaomba. "Mara kwa mara" na "mara nyingi" yaepuke kabisa, kwa sababu kila mtu ana kipimo chake.

Afya ya akili. "Sonona" ni neno la daktari. Mtaani utasikia "mawazo", "moyo mzito", "sina raha". Lakini ukitaka kutumia kipimo cha sonona kinachojulikana kama PHQ-9, usikitafsiri mwenyewe. Tafuta toleo la Kiswahili lililokwisha kufanyiwa majaribio, kisha ujaribu kama watu wa eneo lako wanalielewa. Kina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Swali la tisa linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Ni lazima uamue kabla ya kwenda: mtu akitoa alama zaidi ya 0 hapo, unampeleka wapi, na nani, siku hiyo hiyo? Kama huna jibu, kitoe kipimo hicho kwenye dodoso lako.

Mpangilio. Anza na kazi za kila siku, kisha malipo, kisha afya, na mambo mazito baada ya hapo. Malizia na jambo jepesi, kama mipango yake ya mwakani. Usimwache mtu kwenye kidonda halafu ukafunga tableti.

## Hatua ya 5: Tafsiri ya kwenda na kurudi

Chuo kitataka nakala ya Kiingereza. Mpe mtafsiri wa kwanza dodoso lako la Kiswahili alipeleke Kiingereza. Kisha mpe wa pili hiyo ya Kiingereza tu, airudishe Kiswahili bila kuona ya kwako.

Weka nakala mbili za Kiswahili pamoja. Swali lililorudi na maana nyingine lina kasoro, na kasoro mara nyingi iko kwenye swali lako. Kwa mfano "una ndugu wangapi" linaweza kwenda kama kaka na dada wa tumbo moja na kurudi kama jamaa wote.

## Hatua ya 6: Jaribu kwa watu 8 hadi 10

Hawa wasiwe kwenye sampuli yako. Usitafute majibu yao, tafuta walivyokuelewa. Baada ya kila swali, muulize: "Hapo nimekuuliza nini? Niambie kwa maneno yako."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda uani, dada mmoja akichambua mchele kwenye ungo. Nikamsomea swali langu nililoliona zuri: "Je, una uhuru wa kuwasiliana na familia yako?" Akajibu bila kuinua macho, "Ndiyo, ninao." Nikaandika ndiyo. Kisha nikamuuliza, nimekuuliza nini? Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa pembeni. "Umeuliza kama nikitaka kuongea na mama naweza. Naweza. Simu anakaa nayo mama wa hapa, Jumapili ananipigia, anakaa hapo tunaongea." Swali lile nililivunja kuwa matatu jioni hiyo hiyo: simu ni ya nani, inakaa kwa nani, ukiongea nani anasikia.

Rekebisha, kisha jaribu tena kwa wengine watano. Utajua umefaulu pale watu watatu mfululizo watakapokurudishia swali kwa maana ile ile uliyokusudia.

## Hatua ya 7: Ridhaa na usalama

Fomu ya ridhaa ya kurasa tatu yenye "mshiriki" na "mtafiti mkuu" inamtisha mtu aliyeambiwa asitie saini kitu chochote mjini. Iandike kwa ukurasa mmoja, kwa sentensi unazoweza kuzisema: mimi ni nani, nauliza nini, itachukua dakika ngapi, unaweza kukataa au kuacha katikati, jina lako halitaandikwa kwenye majibu. Omba kamati ikuruhusu kupokea ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi.

Sema pia kikomo cha siri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Kwa hiyo mwambie aliye chini ya miaka 18 kabla hajaanza kusema: "Ukiniambia kuna anayekuumiza, sitanyamaza, nitatafuta mtu wa kukusaidia."

Usimhoji ndani ya nyumba ya mwajiri. Kaa naye baada ya ibada Jumapili, sokoni, bombani, au kwenye kibanda cha saluni ambacho mwenyewe anakipenda. Wanaotafiti ukatili majumbani hufuata kanuni mbili zilizomo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2001: mtu mmoja tu kwa kila nyumba, na maswali ya akiba. Andaa maswali matano ya kawaida, labda kuhusu lishe ya watoto. Mtu akipita karibu, unahamia huko bila kubadilisha sauti. Fanyeni mazoezi ya kuhama mkiwa darasani.

Nauli mpe mkononi mwake. Ukiipitisha kwa mama mwenye nyumba, umekwisha kumwambia nani alikuwa anaongea na wewe.

## Hatua ya 8: Idadi ya wahojiwa

Wanafunzi wengi huchukua kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, wakabuni idadi ya wafanyakazi wa ndani wa kata nzima, wakaiweka kwenye N, yaani idadi ya watu wote. Kanuni hiyo inahitaji idadi ya kweli. Kwa watu 1,000 na kosa la asilimia 5 inakupa 286, lakini hao 1,000 nani aliwahesabu?

Kama huna orodha, una njia mbili. Ya kwanza ni kuhesabu kaya: pata orodha ya kaya za mtaa, chagua kwa bahati nasibu, uliza kama kuna anayefanya kazi za ndani bila kuwa mtoto wa nyumba hiyo. Hapo unaweza kutumia kanuni ya Cochran, inayokupa watu 385 kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 na kosa la asilimia 5. Ya pili ni kupitishana, mmoja akuonyeshe mwenzake. Ni njia halali, ila usiandike kwamba matokeo yanawakilisha wilaya nzima. Kwa mwanafunzi asiye na pesa ninapendekeza ya pili: watu 40 waliosikilizwa vizuri, na sura moja inayosema wazi walipatikanaje.

## Hatua ya 9: Uwandani, na kosa la saa

Wafundishe wadodosaji siku mbili, mojawapo wakihojiana wenyewe. Kila mmoja alisome swali kama lilivyoandikwa. Anayetafsiri upya mlangoni anakuletea dodoso lingine.

Sasa saa. Kosa hili nililifanya mimi. Niliweka kwenye fomu kisanduku cha saa cha kawaida cha simu. Dada anasema, "Naamka saa kumi na moja, nalala saa tano usiku." Mdodosaji anabonyeza 11:00, kisha 17:00 kwa sababu aliiona tano ya baada ya mchana. Jedwali likasema saa 6. Ukweli ni 05:00 hadi 23:00, saa 18. Niligundua baada ya wiki tatu, nikaanza kuwapigia watu simu mmoja mmoja, na namba nyingi zilikuwa hazipatikani.

Fanya hivi:

1. Ondoa kisanduku cha saa. Weka namba 1 hadi 12 kama mtu alivyoitamka, na swali la pili la kuchagua: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku.
2. Badilisha mwenyewe mezani kwa kuongeza au kupunguza 6; saa 1 hadi 5 za usiku ongeza 18. Saa 11 alfajiri ni 05:00, saa 1 asubuhi ni 07:00, saa 7 mchana ni 13:00, saa 12 jioni ni 18:00, saa 5 usiku ni 23:00.
3. Uliza kuhusu jana, usiulize "kwa kawaida". Jana anaikumbuka.
4. Saa za kuwa macho si saa za kazi. Uliza: "Jana, kuna muda ulikaa bila kazi na bila kuitwa? Ulianza saa ngapi ukaisha saa ngapi?" Utoe muda huo.

Kila jioni kaa na wadodosaji kabla hawajalala, fungueni fomu za siku hiyo. Angalia mambo matatu: saa za kazi zilizo chini ya 4 au zaidi ya 20, mdodosaji ambaye wahojiwa wake wote wamejibu hapana kwenye ukatili, na mahojiano yaliyoisha kwa dakika 10 wakati mengine yanachukua 40. Mrudie mdodosaji kesho yake, siyo mwisho wa mwezi.

Majina na namba za simu yaweke kwenye faili lake, lenye nywila, mbali na majibu. Kuunganisha tumia namba ya siri pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata kama wewe ni mwanafunzi mwenye kompyuta moja. Na fomu zisipite kwenye kundi la WhatsApp la wadodosaji, hata kwa dakika moja.

Utajua kazi imekwenda sawa pale utakapofungua safu ya unyanyasaji na kukuta majibu yanatofautiana, ya saa yanakubaliana na maisha uliyoyaona kwa macho, na chini ya "Ni nani?" kuna jibu kila mahali penye ndiyo. Hapo fungua programu ya uchambuzi. Kabla ya hapo, iache imefungwa.